Ugonjwa wa mlipuko ukiingia mtaani: mwongozo kamili wa kufikisha ujumbe wa afya hadi uani

Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni na baadaye kikatapakaa hadi mikoa mingi ya nchi. Siku zile gari la matangazo lilikuwa linapita mtaani kwetu Mbagala asubuhi na jioni: "Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka." Jirani yangu, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa hapahapa enzi za minazi na mikorosho, alikuwa barazani anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, hayo maji tiririka yako wapi? Mie dumu langu la mwisho nimenunua juzi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimevaa fulana ya kujitolea, mkononi nina karatasi za kugawa, na katika karatasi zote zile hapakuwa na mstari hata mmoja uliomhusu yule bibi. Tangu siku ile nimeshiriki kampeni nyingine, ikiwemo ya korona, na haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona yakifanya kazi. Nimewaandikia viongozi wa mitaa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana wa kujitolea, na yeyote atakayeombwa siku moja kupita nyumba kwa nyumba.

Nitazungumzia hasa wale ambao matangazo ya jumla huwapita pembeni: wazee wa Kizaramo ambao ndio wenyeji wa mji huu, Wandengereko waliotoka Rufiji, Wamakonde, na vijana wa Kimaasai wanaolinda mageti yetu. Neno "jamii za asili" lina mabishano kwetu, kwani serikali haina kundi la kisheria la namna hiyo na wengi husema sote ni wenyeji. Mabishano hayo tuyaache. Watu wenye lugha yao, wazee wao na taratibu zao za msiba wapo katika kila kata ya Dar, na ugonjwa hausubiri tukubaliane tuwaite nani.

Hatua ya kwanza: ujue mtaa kabla ugonjwa haujaja

Chukua daftari la kurasa mia, uzunguke mtaa kwa siku mbili au tatu. Usiandike majina ya watu. Andika wanakochota maji, nani anauza, bei hupanda lini, choo kimoja kinatumiwa na kaya ngapi, wapi panafurika masika. Andika vijiwe: kijiwe cha bodaboda, kibanda cha mama lishe, saluni, sehemu ya kuchezea bao, duka ambalo kila mtu anakopa. Andika nani akisema watu wananyamaza wasikilize. Mara nyingi huyo hana cheo chochote.

Kisha andika saa. Hapa ndipo kampeni nyingi zinapokwama. Mikutano huitwa saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa ya ofisi, na saa hiyo mlinzi wa Kimaasai aliyekesha getini amelala, wakati mama lishe yuko jikoni. Tuliita mkutano wa namna hiyo mara mbili, tukaambiwa Wamaasai "hawana mwamko". Mara ya tatu tukawafuata saa kumi jioni, kabla hawajatawanyika kwenda lindoni, wamekaa pamoja wanakunywa chai. Walikuja wote na maswali yalituchelewesha hadi magharibi.

Jambo dogo lenye uzito: mlinzi wako ana jina. Ukimwita "Masai" miaka mitatu, halafu siku ya mlipuko ukamwendea na ushauri wa kuokoa maisha yake, usishangae akikutazama tu.

Hatua ya pili: pita mlango wa mbele

Nenda kwa afisa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, ujitambulishe, uache barua. Mtafute afisa afya wa kata na muuguzi mfawidhi wa zahanati. Wajumbe nao usiwaruke, kwani wao ndio wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina mgeni aliyefika jana kutoka mkoani.

Ujue pia mipaka yako. Kutangaza mlipuko na kutoa idadi ya wagonjwa ni kazi ya serikali. Wewe hutangazi kuwa fulani anaumwa, hutoi takwimu za kusikia, hupigi picha ya mgonjwa. Ukiona dalili za kutisha, toa taarifa zahanati au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Nikishasema hivyo, niseme na upande wa pili. Serikali nayo ikinyamaza, mtaani pengo linajazwa na maneno mengine. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu zilitolewa hadi mwanzoni mwa Mei, zikaishia wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikakoma. Mtaani kwetu kila kikohozi kikawa na hadithi yake, na kila aliyekuwa na simu akawa mtangazaji. Chanjo zilipowasili Julai 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani tarehe 28 mwezi ule, tulikuwa tunawaendea watu waliojijibu maswali yao wenyewe kwa zaidi ya mwaka mzima. Imani iliyopotea kwa ukimya ilitugharimu miezi ya kwenda na kurudi kwenye baraza zilezile.

Januari 2025 ilikuwa afadhali kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa za kushukiwa Marburg, ugonjwa wa virusi wenye homa kali na kutokwa damu, huko Kagera, serikali ikasema kwanza kwamba sampuli hazikuonyesha ugonjwa, na tarehe 20 Rais akathibitisha mwenyewe akiwa Dodoma. Siku zile chache za katikati, mtu akikuuliza "kweli kuna Marburg?", jibu zuri lilikuwa fupi: "Vipimo vinaendelea. Likitoka neno rasmi nitakuja kukuambia. Kwa sasa usimshike mgonjwa mwenye homa na anayetoka damu, piga simu." Sema unachokijua na utaje siku utakayorudi, kisha urudi kweli.

Hatua ya tatu: fungua daftari la uvumi

Kabla hujasema neno, sikiliza siku mbili. Andika maneno kama yalivyosemwa, usiyasafishe. "Chanjo inaua uzazi." "Ukichanjwa una miaka miwili tu." "Ukipelekwa kule hurudi." Pembeni andika umeyasikia wapi na mara ngapi, na nani anaweza kuyajibu akaaminiwa.

Sentensi hizo tatu zinafanana kwa sura, lakini kila moja inatoka mahali pake. Ya kwanza ni hofu ya mama mwenye binti anayetaka kumwozesha. Huyo hahitaji hotuba ya virusi, anamhitaji nesi mwenye watoto aliyechanjwa. Ya tatu si uvumi hata kidogo: kuna mtu kweli alipelekwa hospitali na hakurudi, na nyumbani kwake hawakupewa maelezo. Hapo kazi yako ni kuwaunganisha na muuguzi atakayekaa nao chini awaeleze kilichotokea. Ukimwambia aliyefiwa kwamba anaeneza uzushi, umeupoteza mtaa mzima.

Nyungu nayo isikutie hasira. Mwaka 2020 nyumba nyingi zilichemsha majani ya mlimao na mchaichai watu wakajifukiza chini ya blanketi. Ukidhihaki, unafungiwa mlango. Mimi nilikuwa nasema: "Mama, mvuke hauui kirusi, na ukizidi unaunguza uso na koo. Ukijisikia pumzi inapungua, usisubiri sufuria ichemke, nenda hospitali." Wengi walilipokea, kwa sababu sikuwaambia bibi zao walikuwa wajinga.

Hatua ya nne: andika ujumbe unaotekelezeka

Jambo moja kwa safari moja. Ukibeba mambo saba mtu atabaki na lile la mwisho, na pengine kwa makosa. Kila ukiandika sentensi, iulize swali la yule bibi: yako wapi? Sabuni iko wapi, chumba cha kumtengea mgonjwa kiko wapi, nauli iko wapi?

Tuchukue kipindupindu. Karatasi niliyopewa iliandika: "Wananchi wazingatie kanuni za usafi na watumie maji safi na salama." Nani atafanya nini, saa ngapi, kwa chombo gani? Tuliibadilisha ikawa hivi:

"Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, yaache yatokote dakika moja, kisha yafunike. Mkaa ukiisha, weka dawa ya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Ndoo ya kunawia weka karibu na choo, itoboe weka koki, au mmiminiane kwa kikombe. Mtu akiharisha maji kama ya mchele uliooshwa, anza kumpa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, hapohapo na mpeleke zahanati usiku huohuo. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache."

ORS ikikosekana dukani, mfundishe mama: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mfundishe kwa kuchanganya mbele yake. Halafu akuchanganyie yeye ukiangalia. Tuliowafundisha kwa mdomo tu, wiki iliyofuata baadhi yao walikuwa wamegeuza vipimo, chumvi sita na sukari nusu, na maji ya namna hiyo yanamdhuru mtoto.

Tatizo la yule bibi, kwa taarifa yako, halikuwa lake peke yake. Mwaka 2020 watu wa Navajo, ambao eneo lao limeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah huko Marekani, waliambiwa na kila redio wanawe mikono mara kwa mara. Takriban theluthi moja ya nyumba zao hazikuwa na maji ya bomba. Watu walikuwa wanayasomba kwa magari. Mwezi Mei mwaka huo kiwango chao cha maambukizi kulingana na idadi ya watu kilipita hata cha jimbo la New York. Nilipoyasoma hayo nilimwona bibi yangu wa Mbagala yuko jangwani Arizona na dumu lake.

Kwa hiyo usipeleke agizo bila nyenzo yake. Ikibidi uchague kati ya karatasi elfu moja na ndoo ishirini zenye koki, chukua ndoo.

Hatua ya tano: lugha, na neno linalouma

Wengi hudhani Dar ni Kiswahili na basi. Kiswahili tunacho, lakini mtu akiogopa hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo. Na ndani ya Kiswahili chenyewe kuna mitego.

Mtego mkubwa niliokutana nao ni neno "kutengwa". Karatasi ilisema: "Mgonjwa atengwe." Kwa daktari hilo ni chumba cha peke yake. Kwa mzee aliyekulia kijijini, kutengwa ni adhabu: husalimiwi, watu hawaji kukuzika, moto hupewi. Kijana mmoja wa Kimaasai alipotafsiri sentensi ile kwa wenzake, mzee wao akanirudishia maana aliyoipata: "Mnasema mwenzetu akiumwa tumfukuze." Tukaiandika upya: "Mgonjwa alale chumba chake, mtu mmoja amhudumie, chakula apelekewe, na msalimieni kutoka mlangoni kila siku." Ni ndefu zaidi, na sijawahi kuijutia.

"Mdudu" nalo litumie kwa uangalifu. Ukisema kuna mdudu, kuna atakayenunua dawa ya kunguni.

Utaratibu wa tafsiri uwe huu. Mpe ujumbe mtu mmoja autie katika Kimaasai, au Kimakonde, kwa mdomo, arekodi kwenye simu. Mpelekee mwingine ambaye hakuusoma wa Kiswahili, akusimulie kwa Kiswahili alichoelewa. Linganisha. Kinachotofautiana kirekebishe pamoja na hao wawili, usirekebishe peke yako ofisini. Sauti ni bora kuliko maandishi, kwa sababu wazee wengi hawasomi lugha zao hata kama wanazizungumza kwa ufasaha, na sauti ya mtu anayejulikana ikifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inasambaa hadi Longido au Newala kabla ya jua kuzama.

Hatua ya sita: nani aseme

Msemaji mzuri ana sifa mbili: watu walimjua kabla ya ugonjwa, na watakuwa naye ugonjwa ukiisha. Kwa Wamaasai muone laigwanani wao, yaani kiongozi wa kimila, hata kama yuko mbali. Mpigie simu, mweleze, muombe aseme mwenyewe. Kwa akina mama wa pwani, kungwi ana nguvu kuliko bango la barabarani. Imamu, kiongozi wa jumuiya ndogondogo, mwenyekiti wa kikoba, dereva wa bajaji aliyewahi kumpeleka mtu hospitali usiku bila kudai nauli, hao wote wapo mtaani kwako.

Watani pia tumewasahau. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema ambayo mimi na wewe hatuna. Niliwahi kumshuhudia mtani akisimama getini kwa wafiwa na ndoo ya maji, hampitishi mtu: "Nyinyi mikono yenu mmetoka nayo shambani, hapa hamgusi sahani!" Watu wanacheka huku wananawa. Afisa afya alikuwa ametumia nusu saa kulisema jambo hilohilo na hakuna aliyesogea.

Wazee wawe wa kwanza kulindwa, hilo nalo liseme wazi. Kule Oklahoma, Marekani, taifa la Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili, chanjo zilipofika mwishoni mwa 2020 liliwaweka mbele wazungumzaji fasaha wa Kicherokee, kwa kuwa wengi wao ni wazee na wakifa lugha inakwenda nao. Kwetu ukimwambia kijana, "Babu yako ndiye pekee hapa nyumbani anayejua matambiko na ukoo wenu ulikotoka," anaelewa haraka kwa nini asimsogelee akiwa na kikohozi.

Hatua ya saba: msiba

Hapa nenda polepole. Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu bado ni hatari. Kagera mwaka 2023 walifariki watu 6 kati ya 9 waliougua. Mlipuko wa Biharamulo wa 2025 wagonjwa wote 10 walifariki. Kwa hiyo kuna nyakati ambazo familia haiwezi kuosha mwili wa mpendwa wao. Ukilileta jambo hilo siku ya kifo, umechelewa. Lizungumze mapema na masheikh, wachungaji na wazee, ukiwa na swali moja: likitokea, tutamzikaje kwa heshima?

Utashangaa majibu wanayo. Masheikh watakueleza kuwa maji yakiwa na madhara kuna tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi badala ya maji. Familia inaweza kuchagua mmoja wao asimame karibu, aone uso kwa umbali, ahakikishe sanda imewekwa na dua imesomwa. Mwaka 2020 video za mazishi ya usiku zilipozunguka kwenye simu, kilichowaumiza watu mtaani kwetu kuliko kaburi lenyewe ni kwamba hapakuwa na ndugu aliyeonekana pale. Basi ombeni timu ya maziko iwasubiri ndugu, itaje jina la marehemu, na mtu wa familia awe na kazi yake.

Angalia pia unachokibeba mkononi. Septemba 2009, wakati wa homa ya mafua ya H1N1, jamii za watu wa asili wa kaskazini mwa Manitoba nchini Kanada zilikuwa zinasubiri vifaa vya kujikinga. Shehena kutoka idara ya afya ya serikali kuu ilipofunguliwa, pamoja na barakoa na vitakasa mikono, mlikuwa na mifuko ya kuwekea maiti. Hakuna barua iliyohitajika kueleza walivyoisoma mifuko ile. Mtaani kwetu gari lenye vifaa vya maziko liliwahi kutangulia lile la ORS. Nyumba tano zilifungwa milango siku hiyo, na kuzifungua kulituchukua wiki mbili.

Hatua ya nane: rudisha neno juu

Kila Ijumaa andika ukurasa mmoja, uupeleke kwa afisa afya wa kata na nakala kwa mtendaji. Usiandike malalamiko ya jumla. Andika: "Kaya 34 za upande wa bondeni zinanunua maji ya dumu, dawa ya kutibu maji imekwisha madukani tangu Jumanne, swali lililoulizwa zaidi ni kama mtoto wa miezi minane anaweza kunywa ORS, Wamaasai wanaomba elimu itolewe jioni." Hesabu zako zitoke kwenye daftari lako, na usiongeze hata kaya moja ili kutisha.

Kiongozi akipata ukurasa wa namna hiyo ana kitu cha kuombea boza. Na boza likija, watangazie watu kwamba limekuja kwa sababu walisema. Mwaka ule wa kipindupindu, baada ya kurasa tatu, matangi mawili yaliwekwa karibu na shule. Bibi alichota ndoo yake ya kwanza, akaiweka mbele ya choo na kikombe juu yake, ndipo akaniita niingie ndani nimweleze vizuri habari za kunawa.

Hatua ya tisa: tangaza mwisho

Kwa Marburg mlipuko huhesabiwa umekwisha zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo kirusi kinaweza kukaa mwilini kabla dalili hazijatokea. Kagera ilifikia hapo Juni 2, 2023. Magari ya matangazo huwa yameshaondoka zamani siku hiyo ikifika, na waliopona wanabaki wakikwepwa dukani na kisimani. Pita tena nyumba zilezile. Ingia kwa aliyepona, kaa, kunywa chai yake mbele ya majirani. Waulize wenye nyumba nini kilisaidia na nini kiliwaudhi, uyaandike kwenye kurasa za mwisho za daftari, kisha umkabidhi mtendaji alifungie kabatini pamoja na ramani ya maji na namba ya simu ya laigwanani.